UZI: Mtoto akifika ukingoni ICU, mzazi akae wapi?

#1 – Mleta uzi

Wanajamvi habari za usiku, wakubwa shikamooni.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na moja sasa nahudumia watoto mahututi. Hospitali sitaitaja, na kila kinachoweza kumfanya mtu ajulikane nimekiondoa. Naandika kwa sababu ya kiti.

Miaka yangu ya mwanzo chumba chetu kilikuwa na mashine za kupumulia, monita, pampu za dawa, oksijeni, kila kitanda na vyake. Kiti cha mzazi hakikuwepo. Mama anaingia saa ya kuona wagonjwa, anasimama kando ya kitanda dakika kumi, kumi na tano, anatolewa. Usiku analala koridoni juu ya kanga, mkoba ndio mto. Usiku mmoja mtoto wa miaka minne akaanza kushuka. Tulishajua tangu jana yake kwamba hatafika mbali. Mama yake alikuwa mlangoni. Mimi mwenyewe, kwa mdomo huu, nikamwambia: "Mama, subiri nje kidogo." Akasubiri. Alipoingia, shuka lilishafunika uso.

Hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Aliniita?"

Mtoto mwenye mrija kooni hawezi kuita. Lakini kama angekuwa ndani asingekuwa na haja ya kuuliza, na swali lile angelala nalo miaka mingapi mimi sijui. Wiki iliyofuata nilibeba kigoda kutoka nyumbani, nikakiweka chini ya kitanda namba tatu. Nikaulizwa, nikajibu ni cha kupandia nikifunga dripu. Kilikuwa cha mama.

Nianze na mashine, maana hapo ndipo familia nyingi zinachanganyikiwa. Mashine ya kupumulia haitibu nimonia, haitibu homa ya uti wa mgongo, haitibu malaria iliyopanda kichwani. Inashika mlango usifungwe, ili dawa na mwili wa mtoto vipate muda wa kufanya kazi. Watoto wengi mlango unashikwa, wanapona, wanarudi nyumbani, na hao ndio wanaonifanya niendelee na kazi hii. Wapo wengine ambao dawa zimefika mwisho, ubongo umeumia kupita kiasi, moyo na figo vimechoka, na mashine imebaki peke yake. Hapo monita itaendelea kuandika namba, kifua kitapanda na kushuka, na mzazi akitazama ataona mtoto "anapumua". Si kosa lake kuona hivyo. Kosa ni letu tusiomweleza.

Kuna jambo la historia ambalo nikilikumbuka linanipa nguvu. Huduma hii ya wagonjwa mahututi ilizaliwa Copenhagen mwaka 1952, kwenye mlipuko wa polio. Watoto na watu wazima walikuwa wanakufa kwa kushindwa kupumua. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akaonyesha kwamba mgonjwa akitobolewa njia kooni na kusukumiwa hewa kwa mfuko wa mkono anaweza kuvuka. Mashine za kutosha hazikuwepo, wakaitwa wanafunzi wa udaktari, kama 1,500 kwa jumla, wakaminya mifuko ile kwa zamu usiku na mchana kwa miezi. Kila mgonjwa alikuwa na mtu amekaa kando yake. Mtu kukaa kando ya kitanda kulikuwepo ICU kabla ya mashine za leo. Sisi tukaleta mashine, tukaondoa kiti.

Sasa niseme la pili, ambalo linaniuma kuliko la kiti. Nalo ni nani anaambiwa.

Kwetu hali ikiwa mbaya daktari anatoka, anauliza: "Mwanaume wa familia yuko wapi?" Anachukuliwa baba mkubwa au mjomba, wanasogea dirishani, wanaongea kwa sauti ya chini. Mjomba anarudi macho mekundu, mama anamuuliza, anajibu: "Wanaendelea kupambana." Basi kuanzia hapo ukoo mzima unajua, walinzi wanajua, mpika chai wa getini anajua. Mama anayekamua maziwa kila saa tatu ili mwanawe apewe kwa mpira ndiye pekee asiyejua. Naelewa nia. Tunaogopa ataanguka. Nimewaona akina mama wakiangushwa na habari, nimewainua, nimewapa maji. Walioambiwa mapema walilia, wakanyamaza, kisha wakaomba kumshika mtoto. Waliofichwa hawakuomba kitu, maana hawakujua muda unakwisha.

Na tuwaambie kwa maneno yanayoeleweka. "Hali yake si nzuri" haimwambii kitu mtu ambaye mtoto wake ana mrija kooni, hilo analiona. "Tumwachie Mungu" ni dua nzuri lakini si taarifa. Daktari mmoja niliyefanya naye kazi, nilimheshimu sana kwa hili, alikuwa anaketi kwanza. Anamwita mtoto kwa jina. Anauliza, "Mama, wewe unaonaje hali yake?" Mara nyingi mama alikuwa ameshaona, alikuwa anangoja mtu amruhusu kusema. Kisha daktari anasema: "Tunaogopa kwamba atafariki." Anatamka hivyo hivyo. Halafu ananyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kurefu, haangalii saa wala simu.

Hapo ndipo tiba shufaa inapoingia, na wengi mnadhani ni huduma ya wazee wenye saratani. Shirika la Afya Duniani tangu 1998 limeieleza tiba shufaa ya watoto kuwa ni matunzo ya mwili, akili na roho ya mtoto pamoja na kuisaidia familia yake, na kwamba inaanza ugonjwa mkubwa unapogundulika, iwe mtoto anapewa dawa ya kuponya au hapewi. Vyote viwili vinakwenda pamoja. Ukisikia daktari anataja tiba shufaa usidhani ametupa taulo. Muulize maumivu yatatulizwaje, usiku akibanwa nimwite nani, nani ataongea na bibi yake aliyeko kijijini.

Nisiwafiche pia saa za mwisho zinakuwaje, kwa sababu hofu kubwa ni ya kitu usichokijua. Mikono na miguu inapoa, ngozi inakuwa na mabaka mabaka. Pumzi inabadilika: inakwenda haraka, inasimama, unadhani imekwisha, inarudi tena. Koo linaweza kukoroma kwa mate ambayo mtoto hawezi kuyameza. Mlio huo unamtisha msikilizaji kuliko unavyomsumbua yeye. Mwisho kabisa anaweza kuvuta pumzi moja moja za mbali. Usimlazimishe kula wala kunywa, mloweshe midomo kwa pamba. Ongea naye. Hatuwezi kujua anasikia kiasi gani, ila tunafanya kazi kama vile anasikia, nawe fanya hivyo. Mwimbie ule ule wa kila siku wa kumlaza.

Na ndiyo, unaweza kumpakata akiwa na mashine. Inahitaji wauguzi wawili, plasta ya kushikiza mrija, na mtu wa kushika mipira isivutike. Dakika tano za maandalizi. Uliza. Ukikataliwa, uliza zamu inayofuata.

#2

Mleta uzi, nimesoma nikiwa ndani ya daladala imenibidi nishuke. Mimi ndiye niliyeitwa koridoni. Binti yangu alikuwa na miaka miwili. Nilikaa na siri siku mbili, mke wangu ananiuliza nguo gani za kumrudishia nyumbani, nami namjibu ile ya njano. Ni mwaka wa sita. Tunaishi vizuri ila lile gauni la njano hatujawahi kulizungumza.

#3 – Mleta uzi

Pole sana kaka yangu. Ulibebeshwa mzigo wa watu wawili peke yako, na waliokubebesha ni sisi. Tulitakiwa kuwaita wote wawili, tuwape chumba chenye mlango, na mmoja wetu abaki nanyi baada ya daktari kuondoka.

Kama mkeo atakuwa tayari, mwanzie na hilo gauni. Usianze na hospitali.

#4

Samahani wakuu, mi nina swali gumu. Mtoto wa mdogo wangu alipewa morfini, jioni yake akafa. Familia mpaka leo inasema sindano ndiyo iliyommaliza. Ukweli ni upi?

#5 – Mleta uzi

Mkuu, swali hili nalipata kila mwezi na nalijibu bila kuchoka.

Morfini inatuliza maumivu na inapunguza ile hali ya kukosa hewa inayomfanya mtoto atapatape. Kipimo kinafuata uzito, kinaanza chini, kinapandishwa taratibu huku anatazamwa. Ikitolewa hivyo haiui. Inatolewa siku za mwisho kwa sababu siku za mwisho ndizo zenye maumivu, basi watu wanaona sindano na kifo vimefuatana, wanaunganisha. Wangefungua macho siku moja kabla wangeona mtoto alivyokuwa anahangaika.

Hofu hii imewatesa wagonjwa wengi Afrika. Uganda wameonyesha njia: Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akitumia morfini ya maji inayochanganywa hapo hapo kutokana na unga, bei yake ndogo. Mwaka 2004 wakabadilisha kanuni, wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa wakaruhusiwa kuiandika, kwa kuwa kijijini daktari hayupo. Hapa kwetu Tanzania, hospitali ya saratani ya Ocean Road wamekuwa wakichanganya morfini ya kunywa kwa miaka. Mtoto kufa na maumivu wakati dawa yake ni chupa ya maji ya bei hiyo, mimi siwezi kulikubali.

Waambie nyumbani kwenu, kwa upole, kwamba mdogo wako hakutoa idhini ya kuua. Alitoa idhini mtoto asiumie.

#6

Assalaam aleykum. Suala langu ni la dini. Kuizima mashine si ndiyo kumkatia mtoto uhai? Sisi tumeambiwa roho ni ya Allah. Na ndugu zangu Wakristo nao wanaonaje?

#7 – Mleta uzi

Waaleykum salaam shehe. Mimi si mwanachuoni, nitasema ninalolijua, la fatwa mpelekee imamu wako, na mlete wodini mapema asingoje aitwe kwa janaza.

Mwaka 1986, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, lile la OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikutana Amman likaamua kwamba ubongo wote ukisimama kazi kabisa, na madaktari mabingwa wakathibitisha kwamba haurudi, mtu huyo amekwishahukumika kuwa amekufa na inajuzu kuondoa mashine hata kama moyo bado unapigishwa nayo. Wako wanazuoni wenye maoni tofauti, hilo ulijue. Upande wa Wakatoliki, Papa Pius XII mwaka 1957 aliulizwa na madaktari wa usingizi, akajibu kwamba hakuna wajibu wa kuendelea na njia zisizo za kawaida pale zisipokuwa na tumaini. Kuua kwa makusudi, dini zote mbili zimekataza, na ICU hatufanyi hivyo. Kuondoa kitu ambacho kimeacha kumsaidia mtoto na sasa kinarefusha kufa kwake ni jambo jingine.

Tena si kila mara mashine inaondolewa. Mara nyingine tunakubaliana na familia kwamba moyo ukisimama hatutamkandamiza kifua. Kukandamiza kifua cha mtoto kunaweza kumvunja mbavu, na kwa mtoto ambaye ugonjwa wake umefika mwisho ni kumpa dakika za mwisho mikononi mwa watu kumi wanaopiga kelele badala ya mikononi mwa mama.

Nimemsomea mtoto wa Kiislamu shahada sikioni mimi Mkristo, baba yake alikuwa njiani kutoka Kilwa akaniomba kwa simu. Nimebatiza vichanga viwili kwa maji ya bombani. Kanisa Katoliki linaruhusu mtu yeyote kubatiza kwenye hatari ya kifo akiwa na nia ya kufanya linachofanya Kanisa.

#8

Dada muuguzi nami ni mwenzio kazini, mkoa mwingine. Unayoyasema ni mazuri ila tuseme ukweli: maambukizi. Ukijaza ndugu mle ndani utaua watoto watatu ili kumfariji mmoja. Pia muuguzi mmoja ana vitanda vinne. Nani wa kushika hiyo mipira unayosema?

#9 – Mleta uzi

Mwenzangu nakushukuru, hoja zako zote mbili ni za kweli.

Maambukizi: sisemi ndugu wajae. Nasema wazazi. Mama mmoja aliyenawa mikono hadi kwenye kiwiko ana hatari gani kuliko sisi tunaopita kitanda hadi kitanda zamu nzima? Uingereza nako wazazi walikuwa wanafungiwa nje ya wodi za watoto kwa sababu hizi hizi, hadi ripoti ya 1959 iliyoongozwa na Sir Harry Platt iliposema mzazi aruhusiwe kuwa na mwanawe. Wao wameacha, sisi bado tunalinda geti.

Idadi ya wauguzi: hapo sina jibu la mkato. Kuna usiku nilikuwa na watano. Nilichojifunza ni kwamba mama aliyekaa ndani ananisaidia: anamgeuza, anamfuta, ananiambia mrija umelegea kabla monita haijalia. Mama aliye koridoni ndiye anayenigongea mlango mara ishirini.

#10

Niko Nairobi. Kwetu shida kubwa huwa bill. Mtoto ameaga, na mwili unakaa mochari mpaka familia ichange. Na watoto wengine nyumbani, mnawaambia nini? Wangu alikuwa na kakake wa miaka mitano.

#11 – Mleta uzi

Pole sana. La pesa: hapa Tanzania serikali imeshatamka zaidi ya mara moja kwamba maiti isizuiwe, na kila hospitali kubwa ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda pale mtoto akiwa bado hai, siku ya kwanza, usingoje mwisho. Kwa sera yetu watoto wa chini ya miaka mitano wana msamaha hospitali za umma, ingawa wote tunajua kuna vitu utaambiwa ukanunue nje. Afisa wa ustawi ndiye wa kumsumbua.

Kakake: usimwambie mdogo wake amelala. Ataogopa kulala. Usimwambie amesafiri, atangoja. Mwambie amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, haumwi, harudi. Watoto wa umri huo wanafikiri wao ndio wamesababisha kwa kuwa siku moja walimpiga au walimwonea wivu. Mwambie bila kuulizwa kwamba si yeye. Atauliza tena kesho, na kesho kutwa, akiwa anacheza. Mjibu vilevile.

Na nilisahau jambo la akina mama wanaonyonyesha, maana hakuna anayelisema. Maziwa hayajui kwamba mtoto amekufa. Siku ya pili ya msiba, mama amekaa mkekani, kifua kinajaa, kanga inalowa mbele za watu. Nimemwona mmoja akijificha chooni. Mtu amwambie mapema: kamua kidogo tu, cha kupunguza maumivu, usimalize, maana ukimaliza yanarudi. Vaa sidiria inayoshika vizuri, weka kitambaa cha maji baridi, panadol inasaidia. Titi likiwa jekundu, la moto, na homa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na shangazi mmoja akae karibu naye na kanga kavu.

Huyo shangazi ndiye awanyamazishe pia wanaosema "utazaa mwingine". Anayemlilia ni huyu.

#12

Sista samahani. Niko hapa hospitali na mwanangu, siku ya tisa. Leo daktari alituita wote wawili tukaambiwa. Nimesoma uzi wako nikiwa getini. Nimeuliza kumshika, nesi wa jioni kasema haiwezekani. Sijui nimuulize tena au nitaonekana msumbufu.

#13 – Mleta uzi

Mama, pole sana. Muulize tena. Zamu ya usiku inapokea saa mbili, ngoja wamalize kupokezana, kama nusu saa hivi, ndipo uende. Mwite muuguzi mwenye kitanda cha mwanao, mwambie: "Naomba nimpakate kabla hajafa." Usilainishe maneno. Mwambie uko tayari kukaa bila kusogea.

Mwombe baba yake awepo. Nenda na kanga yake aliyoizoea, isiyofuliwa ndiyo nzuri zaidi, ina harufu ya nyumbani. Nenda chooni kwanza, kunywa maji.

#14

Wamekubali. Kiti hawana, wamenigeuzia ndoo wakaweka shuka juu.

#15 – Mleta uzi

Inatosha mama. Mgongo wako uegemee kitanda au ukuta. Kichwa chake kikae upande ule mrija unakotokea, usijikunje. Waambie wazime mlio wa monita, namba zibaki kwao. Vua kitambaa cha kifuani, ngozi yake iguse yako, kanga iwafunike wote wawili.

Simu mpe baba yake. Mimi nipo macho hadi asubuhi.